Wanakaa Tu Kijiweni: Filamu Isiyo na Kisa Inachekeshaje?

Kuna aina ya filamu ambayo ukiulizwa inahusu nini, unabaki unakuna kichwa. Vijana watatu au wanne hawana kazi ya maana, hawana hela, na hawaendi popote. Wanapiga stori. Wanabishana kuhusu jambo lisilomfaa mtu yeyote. Mmoja anaazima kitu cha mwenzake, anakipoteza. Jioni inaingia, filamu inaisha, na wewe umecheka saa nzima na nusu ila huwezi kumsimulia jirani ilivyokuwa.

Wengi wakiiona hutoa hukumu mbili kwa mpigo: kwamba kuitengeneza ni kazi rahisi, na kwamba inasifia uvivu. Hukumu zote mbili hazisimami. Nitaeleza kwa nini, tena nikiwa na Mwanza akilini, maana nadhani filamu ya namna hii ingetoka vizuri zaidi kwenye mwambao wa ziwa kuliko Dar es Salaam yenye kamera zote na waigizaji wote.

Aina yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1953 Mwitaliano Federico Fellini alitoa I Vitelloni, habari ya vijana watano wa mji mdogo wa pwani wanaozurura na kulishwa na familia zao. Ilipata Simba wa Fedha kwenye tamasha la Venice. Mwaka 1984 Mmarekani Jim Jarmusch akatoa Stranger Than Paradise: marafiki wawili wacheza kamari na binamu wa mmoja wao, msichana aliyetoka Hungaria. Kila onyesho ni picha moja isiyokatwa, kisha skrini inakuwa nyeusi, kisha onyesho jingine. Sehemu ya kwanza aliipiga kwa mabaki ya mkanda aliyopewa na mwongozaji mwenzake, Wim Wenders. Katikati ya filamu hiyo watu hao watatu wanasafiri kwenda kulitazama Ziwa Erie. Wanafika, ziwa limemezwa na theluji, kila kitu ni cheupe, hakuna cha kuona. Wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Hicho ndicho kichekesho chenyewe, na Cannes waliipa tuzo ya Camera d'Or. Ikafuata Slacker ya Richard Linklater, iliyopigwa Austin, Texas, kwa dola 23,000 hivi na kuingia kwenye kumbi mwaka 1991, ambayo haina hata mhusika mkuu. Kamera inamwacha huyu inamfuata yule, siku nzima. Kisha 1994 ikaja Clerks ya Kevin Smith, ambayo nitairudia kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi.

Hizi tatu za Marekani hazifanani kwa sura, ila zote zilitengenezwa na watu ambao hawakuwa na pesa ya kununua kisa. Kisa ni gharama. Ajali inataka gari. Harusi inataka wageni mia, nguo na sahani. Polisi akiingia lazima awe na sare, na sare ina maswali yake. Vijana wakikaa kwenye benchi, umelipia benchi.

Saa inaposhika nafasi ya kisa

Filamu ya kawaida huendeshwa na mtu anayetaka jambo kubwa, anazuiwa, anapambana, anashinda au anashindwa. Ukimnyima mtazamaji hayo, lazima umpe kitu kingine cha kushika, la sivyo atainuka akanunue karanga asirudi. Watengenezaji niliowataja mara nyingi walimpa saa. Slacker ni mzunguko wa siku moja. Clerks ni siku moja dukani. Hatujui hawa watu wanaelekea wapi, ila tunajua siku itaisha, na hilo linatosha kutufanya tuvumilie mazungumzo marefu ya kipuuzi.

Siku moja ni saa nzuri, lakini inamfaa karani anayeingia na kutoka kazini. Kijana wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia ufukweni, ana saa nyingine: ana mwezi.

Asiyekaa karibu na ziwa huenda hajui hili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa, wavuvi wanawazungushia wavu. Mwezi ukipevuka, ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki. Basi mitumbwi inapandishwa mchangani, na kwa siku kadhaa vijana waliokuwa wanakesha majini wanajikuta hawana pa kwenda. Wanashona nyavu kidogo. Wanacheza drafti ya vizibo vya soda. Wanabeti, mkeka unachanika, wanamlaumu golikipa wa nchi wasiyoijua. Wanalala mchana. Mpita njia akiwakuta saa nne asubuhi chini ya mwarobaini atasema taifa limekwisha. Wao wanasubiri giza.

Hapa ndipo hukumu ya uvivu inapoangukia. Filamu nzuri ya vijana wasio na shughuli karibu kila mara ni filamu ya watu wanaosubiri kitu ambacho hakiko mikononi mwao: ajira, majibu ya mtihani, ndugu aliyeahidi kutuma hela, mwezi uondoke. Mvivu asiyesubiri chochote hachekeshi, anachosha. Anayesubiri ana wasiwasi chini ya utulivu wake, na wasiwasi huo ndio unaomsukuma kufanya ujinga.

Mwambao una kusubiri kwa aina nyingi. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kuzinduliwa Juni 2025, magari ya kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni ya kivuko, na kwenye foleni ya namna hiyo hakukosi mtu wa kuuza maji, mahindi na stori. Sasa gari linapita juu ya kilomita tatu za zege bila kusimama. Kijana aliyeishi kwa kungoja kwa wengine, leo anangoja nini? Hiyo peke yake ni filamu, na ningeilipia kiingilio.

Lakini tubaki kwenye mwezi, kwa sababu una faida ya pili, ya uzalishaji. Siku za mbalamwezi vijana wenyewe wana nafasi, mitumbwi iko nchi kavu, na wenye mitumbwi hawana haraka. Ratiba ya filamu na ratiba ya maisha zinakuwa moja. (Asikudanganye mtu kwamba mbalamwezi itakupa mwanga wa bure wa kupigia picha za usiku. Simu haioni kama jicho. Na ukiwasha taa karibu na maji, vijidudu vya ziwani vitajaa kwenye lenzi na kwenye mdomo wa mwigizaji.)

Kitu kidogo cha kutafutwa

Saa peke yake haitoshi kwa dakika tisini. Panahitajika kitu kinachotafutwa, na kiwe kidogo kiasi cha kuaibisha. Tuseme betri. Tajiri wa mtumbwi amewaachia vijana wanne betri ya taa waipeleke ikachajiwe kabla ya giza. Usiku wa mechi wanaiweka rehani kwenye kibanda umiza ili waingie wote. Asubuhi mwenye kibanda ameshaiazimisha kwa kinyozi wa Mlango Mmoja. Kinyozi ameikodisha kwa mpiga spika wa mnada. Mpiga spika anaitoa kwa sharti kwamba wamtafutie waya wake ulioko Makoroboi kwa mtu anayedaiwa na mtu wa Igogo.

Hakuna jambazi, hakuna mapenzi ya kufa mtu, hakuna mchawi. Thamani ya kitu chenyewe ni ndogo kuliko nauli za daladala wanazotumia kukitafuta, na mtazamaji analijua hilo mapema kuliko wao. Huku tukiifuata betri tumelipita jiji zima: soko la dagaa la Kirumba, vibanda vya mlimani vilivyoegemea mawe, gati la kivuko cha Kamanga. Ombi langu moja: Jiwe la Bismarck lisipigwe picha. Kila video ya Mwanza inaanza nalo. Likionekana, lionekane kwa nyuma, kwa bahati mbaya.

Umaskini ulioandikwa ndani ya hadithi

Turudi kwa Kevin Smith. Alikuwa karani wa duka dogo huko Leonardo, New Jersey. Mchana aliuza dukani, usiku duka likishafungwa akapiga filamu humo humo. Aliuza vitabu vyake vya katuni, akakopa kwa kadi za benki, akafikisha dola 27,575. Kukawa na tatizo: hadithi inatokea mchana, nje ni usiku wa manane, na dirisha litamuumbua. Alichofanya ni kuandika kwamba asubuhi hiyo mtu ameziba kufuli za shata kwa bazoka ya kutafuna, kwa hiyo shata hazifunguki siku nzima. Karani anatundika nje shuka lililoandikwa kwa kiwi ya viatu, kuwaambia wateja kwamba duka liko wazi. Shata zilizofungwa zikawa kichekesho cha filamu nzima, na hakuna aliyeuliza mbona hatuoni jua.

Huu ndio ufundi ambao watu wengi huukosa. Wanakosa kitu, kisha wanajitahidi kukificha. Nyumba ya tajiri haipo, wanaazima sebule na kuibandika makochi ya dhahabu, na kila mtu anajua ni sebule ya kuazima. Smith alilichukua pengo akalipa mistari ya kusema. Huna mtumbwi unaoelea? Ni mbalamwezi, mitumbwi yote iko juu. Una pikipiki ambayo haiwaki? Iandike haiwaki, na vijana wawe wanaisukuma toka Pasiansi. Mwigizaji mmoja ana kibarua na hapatikani mchana? Awe mhusika anayetajwa na kila mtu na haonekani mpaka usiku.

Clerks ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 1994, ikanunuliwa na kampuni ya Miramax, ikaingiza zaidi ya dola milioni 3 Marekani. Stori huwa inakomea hapo, na ndiyo maana inapotosha. Baada ya kununuliwa, zilimwagwa pesa nyingine za kuitengeneza iingie kwenye kumbi, na haki za nyimbo peke yake ziligharimu kuliko kuipiga filamu yenyewe. Vivyo hivyo Tangerine ya Sean Baker, ya mwaka 2015, inasifiwa kila mahali kwa kupigwa kwa simu ya iPhone 5s. Bajeti yake ilikuwa kama dola 100,000. Kamera ni sehemu ndogo ya hesabu. Pesa inaliwa na watu: chakula chao, nauli zao, siku zao.

Na simu imeleta hasara yake. Mkanda ulikuwa ghali, kwa hiyo mwongozaji alifikiri kabla ya kuwasha. Sasa kadi ya kumbukumbu inajazwa bure, waigizaji wanaachiwa wabuni maneno mpaka betri iishe, kisha mhariri anakaa miezi kwenye saa arobaini za kupiga domo akitafuta dakika moja. Ningeweka kanuni ya kibahili: kila onyesho marudio matatu, basi.

Sauti ndiyo inayoua. Filamu ya mazungumzo ikiwa na picha mbaya itasamehewa. Maneno yasiposikika hakuna filamu. Mwambao una adui wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi. Usiku unageuka. Mchana mzima maiki ya simu itakusanya upepo. Dawa ni maiki ndogo za kubana ndani ya shati, manyoya ya kuzuia upepo, na kupiga maonyesho ya maneno mengi asubuhi mapema. Wapo wanaosema sauti itarudiwa studio. Kwa tamthilia ya machozi, labda. Kichekesho kinakaa kwenye pumzi kati ya sentensi mbili, na pumzi hiyo ukiirudia studio inatoka nyingine.

Mawe ndiyo studio ya Mwanza, na nashangaa hayatumiwi hivyo. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo mawili meusi. Chini ya ubavu wa jiwe kubwa kuna kivuli kisichobadilika kwa saa nyingi, na jiwe hilo hilo linakata upepo. Benchi moja, jiwe moja, maiki mbili.

Uso mkavu

Vichekesho vyetu vilivyozoeleka vinajitangaza. Marehemu King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliweza kuwachekesha watu kwa kuingia mlangoni tu. Mwili na uso wake vilikuwa zana. Orijino Komedi waliiga watu maarufu. Baada yao wakaja waliochukua tumbo la mto na ndevu za kuchora bila kuchukua kipaji, wakaongeza mlio wa kumwambia mtazamaji sasa cheka.

Kichekesho cha kijiweni kinataka kinyume. Hakuna anayejua kwamba anachekesha. Jambo dogo linajadiliwa kwa uzito wa bungeni:

– Mbuzi akipanda kivuko analipa nauli gani?
– Ya mzigo.
– Mzigo haupumui.
– Kuku anapumua, na ni mzigo.
– Kuku hatazami nje.

Kimya. Wanafikiri kweli kweli. Mwigizaji mmoja akitabasamu hapo, onyesho limekufa. Kila sentensi ina mantiki yake, na ndiyo sababu mabishano hayaishi. Kijana aliyefika kidato cha sita ndiye anayeharibu zaidi, kwa kuwa anajua maneno makubwa.

Faida nyingine ni kwamba utani tunao tayari. Wasukuma wana watani wao wa makabila mengine, babu na mjukuu wana wao, na kanuni ni kwamba mtaniwa hakasiriki hadharani. Ila kuna kichekesho kimoja kitakachokataa kufanya kazi Mwanza: yule Msukuma wa filamu za Dar, mshamba anayeshangaa ghorofa na kukosea maneno. Kirumba yeye ni mwenyeji. Anayeshangaa atakuwa mgeni aliyesalimiwa «mwadila» akadhani ameambiwa jina la mtaa.

Swali linalokwepwa katika filamu karibu zote za aina hii: wasichana wako wapi? Kijiwe ni cha wanaume kwa sababu wanaume ndio wanaoruhusiwa kuonekana hawafanyi kitu. Msichana wa rika lao akikaa chini ya mwarobaini dakika kumi, ataitwa akafanye kazi. Kwenye dagaa, kuanika na kuchambua kwa kiasi kikubwa ni kazi ya wanawake, na dagaa waliokwisha kuvuliwa wanahitaji kugeuzwa hata kama mwezi umepevuka. Basi mhusika wa tano awe msichana anayeshiriki mabishano yote huku mikono yake haisimami hata mara moja, na kamera isiliseme hilo, ilionyeshe tu. Nadhani yeye ndiye angekuwa ameshaipata betri tangu dakika ya ishirini, asiwaambie.

Kuna sababu nyingine ya kutaka Mwanza ya namna hii kwenye skrini. Filamu iliyolitangaza jiji hili duniani ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, kuhusu sangara, mapanki (mabaki ya samaki baada ya minofu kukatwa) na ndege za mizigo. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani. Ubishi wa ukweli wake ni makala nyingine. Ninachoona ni kwamba ndani yake vijana wa mwambao ni waathirika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwathirika haruhusiwi kubishana kuhusu nauli ya mbuzi.

Kumaliza, na kuionyesha

Mwisho ndipo wengi wanapoogopa. Clerks yenyewe awali iliisha kwa karani kupigwa risasi na jambazi. Smith alishauriwa aukate mwisho huo, akaukata, na filamu ikapona. Kifo cha ghafla, au kijana kupata kazi ghafla, ni mtengenezaji anayeomba radhi kwa kutokuwa na kisa. Saa iliyofungua hadithi ndiyo iifunge: giza limerudi, mitumbwi inaingia majini, betri ipo au haipo.

Kabla ya kuwasha kamera kuna Bodi ya Filamu ya Tanzania. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, pamoja na marekebisho yake, inataka kibali cha kupiga picha, na kazi ihakikiwe na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Usiichukulie kama jambo la filamu za vita au za faragha. Clerks haikuwa na damu wala utupu, na bado Marekani iliipa kwanza daraja kali kabisa la watu wazima, kwa maneno tu. Ilibidi wakate rufaa. Vijana wa kijiweni wana midomo, kwa hiyo mswada usomwe mapema kwa jicho hilo.

Kuhusu pa kuionyesha, kibanda umiza kinafaa ngumi kuliko mazungumzo: feni, jenereta, na watu wanaochangia hoja. Mtandaoni kipande cha mbuzi kitasambaa chenyewe, lakini filamu nzima inahitaji mtu aliyekaa, na chaneli za filamu za Kiswahili kama Sinema Zetu ya Azam ndizo zilizo karibu na mtu huyo. Huko wote, chaneli na mtandao, watauliza muziki ni wa nani. Wimbo wa msanii mkubwa ukisikika kwenye spika ya saluni wakati vijana wanadai betri yao, onyesho hilo lina mwenyewe mwingine. Mwombe kinyozi azime redio.